Dola 7.25 kwa saa: siku polisi wa Scranton walipolipwa kima cha chini, na kwa nini watu walichachamaa

Ijumaa ya tarehe 6 Julai 2012, kwenye mji wa Scranton, jimbo la Pennsylvania huko Marekani, wafanyakazi wa mji kama 400 hivi walipata mshahara wao kama kawaida ya kila baada ya wiki mbili, ila walipoangalia slipu wakakuta kila mmoja amehesabiwa dola 7.25 kwa saa. Kila mmoja yani. Polisi wa doria, zimamoto, wanaozoa taka, wanaoziba mashimo barabarani, mpaka meya mwenyewe. Hiyo 7.25 ndo kima cha chini cha sheria ya taifa, huwezi kwenda chini yake hata shilingi.

Hebu tuikalie hiyo slipu kidogo maana ndo moyo wa habari yote. Saa 40 mara 7.25 unapata dola 290 kwa wiki, wiki mbili 580, hapo bado makato. Polisi mwenye miaka 20 kazini, aliyepanda vyeo, ana watoto shule na nyumba ya mkopo wa benki, anakuta namba ile ile ya kijana aliyeajiriwa juzi. Najua kuna mtu huku kwetu atapiga hesabu kwa chenji ya kipindi kile, aone ni kama laki nne na nusu na ushee za Kitanzania kwa wiki, aseme mbona hela nzuri tu. Kwa hapa sawa, ila mtu anakula na kulipa kodi ya nyumba pale anapoishi, na rejesho la benki halisikilizi kwamba mwezi huu meya kaishiwa.

Habari ilisambaa dunia nzima ndani ya siku mbili tatu, na watu wengi waliiona kama kichekesho cha mji uliofilisika. Mimi naona walioiona hivyo waliangalia juu juu tu, kwa sababu ile slipu ilikuwa na mambo mengi nyuma yake, na ukiyafuata moja moja unaelewa kwa nini hasira za watu zilienda pande tofauti tofauti, wengine kwa meya, wengine kwa madiwani, wengine kwa polisi wenyewe.

Kwanza kuna kitu ambacho kwetu hakipo. Tanzania polisi ni jeshi moja la nchi nzima, Kenya nao vivyo hivyo ni huduma ya kitaifa, mshahara unatoka serikali kuu. Meya wa Dar au gavana wa Nairobi hana polisi wa kumlipa, ana mgambo au askari wa kanjo basi. Marekani ni tofauti kabisa, kule kuna vyombo vya polisi kama 18,000, mji mdogo una polisi wake, kaunti ina wake, jimbo lina wake, na kila mji unawalipa wa kwake kwa kodi zake wenyewe. Kwa hiyo mji ukipata ukata, polisi wanaguswa moja kwa moja, tena mara nyingi ndo wa kwanza kuangaliwa kwa sababu polisi na zimamoto wanakula sehemu kubwa ya bajeti ya mji. Na mji hauwezi kuchapa noti. Meya wa Scranton kipindi hicho, Chris Doherty, alisema neno hilo hilo, kwamba anataka watu walipwe na anajua wanafanya kazi ngumu, ila hela hana na hawezi kwenda kuzichapa chini ya jengo. Hakuwa anatia chumvi. Baada ya kulipa ile mishahara ya Ijumaa, akaunti ya mji ilibaki na kama dola 5,000. Mji wa watu 76,000! Jumatatu zikaingia nyingine ikafika kama 133,000, lakini kulikuwa na bili za wazabuni zaidi ya milioni 3, nyingi zimeshapita tarehe ya kulipwa.

Sasa ukata huo ulitoka wapi. Scranton ulikuwa mji wa makaa ya mawe, ule mkaa mgumu unaoitwa anthrasaiti, na mwaka 1930 ulikuwa na watu zaidi ya 143,000. Makaa yakaisha soko, viwanda vikafuata, watu wakahama, mpaka sensa ya 2010 ikakuta 76,000 na kitu, yani karibu nusu. Lakini mji hausinyai kama watu wanavyopungua. Barabara ni zile zile, mabomba yale yale, na wastaafu walioajiriwa enzi mji umejaa bado wanadai pensheni zao kila mwezi, ni haki yao. Alafu wanaobaki kulipa kodi ya majengo ni wachache, na majengo makubwa ya mjini ni ya chuo kikuu na hospitali ambayo kisheria hayalipi hiyo kodi. Mwaka 1992 jimbo likauweka Scranton kwenye orodha ya miji iliyoelemewa, kwa sheria ya mwaka 1987 inayojulikana kama Sheria Namba 47, ambayo inauletea mji mpango wa kujikwamua na wasimamizi wa kuufuatilia. Kumbuka hiyo 1992, tutairudia.

Hapa ndo panapochanganya wengi, twende taratibu. Pennsylvania ina sheria nyingine ya mwaka 1968, Namba 111, inayowahusu polisi na zimamoto peke yao. Inawakataza kugoma. Huwezi kuwa na mji ambao polisi wanaamka asubuhi wanasema leo hatutoki, kwa hiyo sheria ikawanyang'anya mgomo, ila ikawapa fidia, kwamba mkishindwa kuelewana na mwajiri kuhusu mshahara jambo linaenda kwa wasuluhishi, na wakiamua wameamua, mji unalipa. Ni makubaliano ya haki kabisa kwa maoni yangu. Mtu ametoa silaha yake kubwa akapewa ahadi.

Tatizo lilikuja hizo sheria mbili zilipogongana. Mpango wa kujikwamua unasema mishahara isimame, wasuluhishi wanasema wapandishiwe, nani anasikilizwa? Mji ukawa unasema mpango ndo mkubwa na haukulipa zile nyongeza. Kesi ikaenda miaka mpaka mahakama ya juu kabisa ya jimbo, na Oktoba 2011 hukumu ikatoka: uamuzi wa wasuluhishi unasimama. Kwa hiyo zile hela ambazo mji ulijiona umeziokoa kwa miaka yote zikageuka deni, pamoja na riba, mamilioni ya dola, kwa mji ambao tayari maji yalikuwa shingoni. Ukikata mshahara wa mtu mwenye mkataba unaotambulika hujapunguza matumizi, umekopa kwake bila kumwomba, na siku moja atakuja kudai akiwa na karatasi ya jaji. Na meya aliyekata anaweza kuwa hayupo ofisini siku hiyo, anayelipa ni mwananchi.

Juni 2012 likaja lingine. Mamlaka ya maegesho ya magari ya Scranton ilikuwa na hatifungani, yani karatasi ya mkopo, ambayo mji ulikuwa umeidhamini, zamu ya kulipa ikafika, na madiwani wakaamua wasilipe. Kwao lilikuwa swala la msimamo, kwamba mamlaka ijitegemee isiwategemee walipa kodi. Lakini benki zinaposikia mji umegoma kulipa deni uliloweka sahihi zinafunga mlango, na ndivyo ilivyokuwa. Mji uliozoea kukopa ili ufike mwezi ujao ukakosa pa kukopa.

Alafu meya na baraza wakawa hawaelewani. Pengo la bajeti lilikuwa dola milioni 16.8. Meya anataka kodi ya majengo ipande asilimia 78 ndani ya miaka mitatu. Madiwani wanasema hapana, watu hawana hiyo hela, tafuta njia zingine. Kila upande una hoja, mstaafu wa Scranton mwenye nyumba ya urithi unampandishia kodi asilimia 78 anaitoa wapi? Ila na madiwani hawakuja na njia iliyotosha. Siku zinaenda, hela zinaisha, na meya akachukua hatua ya kima cha chini.

Polisi, zimamoto na wafanyakazi wa kazi za mji wakakimbilia mahakamani kupitia vyama vyao, jaji wa kaunti, Michael Barrasse, akatoa zuio kwamba mishahara isikatwe. Mishahara ikakatwa hivyo hivyo. Mawakili wakarudi na ombi kwamba meya ametia dharau mahakama, wakaongeza na mashauri mengine, la ovataimu, na lingine ambalo kwangu ndo lililouma zaidi, la polisi na zimamoto walioumia kazini. Hao wako nyumbani wanauguza majeraha waliyoyapata wakiutumikia mji, sheria inasema mafao yao hayaguswi bila kusikilizwa, na malalamiko ya mawakili yalikuwa kwamba yameguswa. Mtu amevunjika mgongo kwenye moto wa jengo la mtu mwingine, alafu anapewa hesabu ya kima cha chini.

Sasa kuhusu watu walivyolipokea. Wengi walikasirika kwa niaba ya polisi na zimamoto, na hasira hiyo haikuhitaji uwe mpenzi wa polisi, ilihitaji tu uwe umewahi kufanya kazi mwezi mzima ukaambiwa hela hakuna. Huku kwetu mwalimu aliyesubiri malimbikizo yake miaka au mzee aliyepiga hesabu za kikokotoo usiku na mke wake hahitaji kuelezewa hilo. Unapanga maisha kwa neno la mwajiri. Lakini kulikuwa na sauti nyingine, na zilikuwa za watu wa kawaida pia. Walisema: sisi tunafanya kazi supamaketi na maghalani, tunalipwa karibu hiyo hiyo 7.25 mwaka mzima na hakuna kamera iliyokuja kutuuliza tunaishije, leo polisi kalipwa hivyo mara moja dunia inalia, na anayetakiwa kupandishiwa kodi ili yeye alipwe ni mimi. Nimewasikia watu wakiwabeza wenye kauli hiyo kwamba ni wivu. Mimi sioni wivu hapo, ni swali halali kabisa na hakuna mwanasiasa wa Scranton aliyelijibu vizuri. Kosa lake ni moja tu, lilielekezwa kwa polisi wakati polisi siye aliyepanga kima cha chini kiwe hapo.

Na wengi waliona kitu cha tatu, kwamba mshahara umefanywa rungu. Meya anawaonyesha madiwani: msipopitisha kodi haya ndo matokeo, na matokeo yana sura, yamevaa sare. Sisemi meya alikuwa na hela kaificha, hakuwa nayo. Ila kuchagua kulipa kima cha chini kwa kila mtu, tena mbele ya zuio la jaji, kulikuwa na ujumbe ndani yake na kila mtu aliusoma. Wapiganapo tembo ziumiazo nyasi, na hapa nyasi zilikuwa na bastola kiunoni na zilikuwa zinaendelea kutoka doria usiku, kwa sababu kama nilivyosema, sheria haiwaruhusu kugoma.

Hili la kutogoma ndo ufunguo wa kuelewa wanachofanya polisi wa miji mingine ya kule wakikatwa. Mwalimu akigoma darasa linafungwa, mzoa taka akigoma mji unanuka. Polisi kakatazwa, kwa hiyo anabaki na silaha moja, masikio ya watu, na mara nyingi anaitumia vibaya, anawatisha.

New York, 1975. Jiji lilikuwa limekopa mpaka benki zikakataa kununua tena hatifungani zake, na meya Abraham Beame akatangaza kupunguza maelfu ya wafanyakazi, wakiwemo polisi kama 5,000. Vyama vya polisi na zimamoto na wenzao vikachapa kijitabu cha kuwapa watalii, juu kimechorwa fuvu la kichwa lenye kofia ya joho, kimeandikwa karibu kwenye Jiji la Hofu. Ndani ushauri: usitoke nje baada ya saa kumi na mbili jioni, usitembee kwa miguu, usipande treni za chini, usitoke nje ya Manhattan. Jiji likakimbilia mahakamani kukizuia. Tarehe 1 Julai, siku ajira zilipokatika, polisi walioachishwa wakaenda kufunga daraja la Brooklyn, wakatoa upepo matairi ya magari. Na mwaka uliofuata, 28 Septemba 1976, usiku wa pambano la Muhammad Ali na Ken Norton kwenye uwanja wa Yankee, polisi waliokuwa nje ya zamu walikuja kuandamana kudai nyongeza iliyoahirishwa na kupinga ratiba mpya ya zamu, na waliokuwa kazini wakasimama wanaangalia wakati vijana wanaruka mageti na kuwapora mashabiki.

Jaribu kujiweka kwenye nafasi ya mtu aliyeporwa pochi pale nje ya uwanja. Asubuhi yake unaweza ukawa unawaonea polisi huruma, hela yao imezuiwa, wana haki. Usiku huo huruma imeisha, na ni ngumu kuirudisha. Dai lilikuwa la kweli, njia ndo iliyowaponza.

Detroit nao 2012. Meya Dave Bing alikata mshahara wa polisi asilimia 10 na kuwaweka kwenye zamu za saa 12. Oktoba mwaka huo chama chao kikaenda nje ya uwanja wa besiboli wa Comerica Park siku ya mechi, kikagawa karatasi zilizosema unaingia Detroit kwa hatari yako mwenyewe. Zililengwa kwa wageni wa vitongojini wanaokuja kuangalia mpira na kurudi kwao. Wakazi wenyewe hawakuhitaji karatasi. Ripoti za jiji za mwaka uliofuata zilisema ukipiga simu ya dharura kubwa kabisa polisi wanachukua wastani wa dakika 58 kufika, na taa za barabarani kama asilimia 40 hazifanyi kazi. Fikiria uko ndani, mlango unavunjwa, taa ya nje ilishaungua, na unasubiri karibu saa nzima. Watu wa Detroit walikuwa na malalamiko mengi juu ya polisi wao, ya miaka na miaka, lakini wengi hawakutaka polisi alipwe kidogo, walitaka afike.

Julai 2013 Detroit ikatangaza kufilisika, ikiwa jiji kubwa kuliko yote Marekani kuwahi kufanya hivyo, na mwaka ule ule matajiri na makampuni ya pale walichanga dola milioni 8 kununua magari 100 ya polisi na ambulensi 23. Watu walishukuru, na mimi ningeshukuru. Ila gari jipya halina dereva kama polisi wazoefu wameshahamia miji ya jirani inayolipa zaidi, na kuhama ndo mgomo pekee ambao hakuna sheria inayoukataza. Hilo mameya wanalisahau sana. Polisi wa Marekani akipanda gari dakika 20 yuko kwenye mji mwingine wenye polisi wake, bajeti yake na tangazo lake la ajira, na mafunzo uliyomlipia anaondoka nayo kichwani.

Turudi Scranton. Kima cha chini hakikudumu, baada ya wiki kadhaa mishahara kamili ilirudi na kilichokatwa kikalipwa, na Agosti ile meya na madiwani wakakubaliana mpango wa kujikwamua. Lakini lile deni la wasuluhishi lilibaki, na mji ukahangaika nalo miaka mingine. Mwaka 2016 waliuza mfumo wa majitaka kwa kampuni ya maji kwa dola milioni 195, na hapo ndo walipopata pumzi ya kulipa madeni na kuweka kitu kwenye mfuko wa pensheni. Ukiangalia kwa makini utaona mzunguko wote: nyongeza ambayo polisi na zimamoto walizuiliwa miaka ile ililipwa, na riba juu, na mwananchi sasa analipa bili ya choo kwa kampuni.

Januari 2022 Scranton ukatolewa rasmi kwenye orodha ya miji iliyoelemewa, miaka 30 kamili tangu uingie. Ile dola 7.25 kwa polisi ilikuwa ya wiki chache. Kwa muuza duka wa mtaa ule ule ndo ilikuwa bado kima cha chini cha sheria Pennsylvania mwaka 2024, haijasogea hata senti tangu 2009.